Taa ya Breki na Mama Mkwe

Taa yenyewe ilikuwa ya manjano, ndogo kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho, na ilikuwa na herufi tatu ambazo sikuuliza maana yake siku nilipolinunua gari lile Goma. Mengine yote niliuliza. Nililizunguka gari mara mbili, nikahesabu nati za magurudumu mara mbili, nikagonga mabati kwa kifundo cha kidole huku nimetega sikio. Muuzaji, mfanyabiashara wa vitenge, alinitazama hadi akachoka.

"Ndugu, hii voiture unainunua ao unaioa?"

Nikamwambia mke nilishaoa bila kumchunguza hivyo, ndiyo maana sasa nimekuwa mwangalifu. Tukacheka, bei ikashuka, nikavuka mpaka kurudi Gisenyi na gari refu la Kijerumani, la rangi ya majivu, lenye umri mkubwa kuliko ndoa yangu. Nilijiona mjanja sana.

Biashara yangu ilikuwa viazi. Nilivipakia Mudende, juu kule kwenye baridi na ng'ombe, nikavishusha mjini kwa wanawake waliovivusha kwenda Goma. Wenye malori walinicheka, wakasema viazi vyangu vinasafiri kama mawaziri. Mimi nilikuwa na hesabu yangu: gari linalobeba magunia Jumatatu na kukupeleka kanisani Jumapili ni magari mawili, na wewe umenunua moja.

Taa iliwaka mara ya kwanza siku ya viazi. Nilikuwa nateremka kutoka Mudende, magunia yamejaa kwenye buti na kwenye kiti cha nyuma, manyunyu yanaanguka, ziwa liko chini kabisa kama sahani iliyosahauliwa nje. Pale barabara inapoanza kuinama, herufi zile tatu zikatokea mbele ya macho yangu. Hakukuwa na mlio wala harufu. Nikakanyaga breki, zikashika. Nikakanyaga tena nione kama zimeshika kweli au zimeshika kwa adabu. Nilifika nyumbani mwendo wa mtu aliyebeba mayai kichwani, na shati lilikuwa limenata mgongoni ingawa hewa ilikuwa ya baridi.

Fundi wangu alikuwa na garaji nyuma ya soko, yaani ukuta mmoja, mabati machache na shimo. Alikuwa amejifunza kazi Bukavu, na alipenda kueleza kuliko kutengeneza.

"Ile taa ni ya freni, ile munaita breki," akasema. "Ukikanyaga nguvu mahali pa potopoto, gurudumu inakwama, gari inateleza kama sabuni. Bon, mule ndani iko ka-ordinateur, kompyuta kadogo. Kanakamata freni, kanaachilia, kanakamata, kanaachilia, mpaka gari inasimama bila kuteleza. Kila gurudumu iko na jicho yake, na waya ya kupeleka habari. Jicho moja ikipofuka, taa inawaka."

"Na hapa jicho gani limepofuka?"

"Hapa? Hakuna. Angalia weye mwenyewe. Taa haiwake."

Haikuwaka kweli. Aliwasha gari, akazima, akawasha. Taa ilitokea pale ufunguo ulipozungushwa, kama inavyotakiwa, kisha ikazimika kwa utulivu kama mtu asiye na hatia.

Hapa lazima nieleze jinsi nilivyokuwa naenda garaji. Fundi akiona magunia anaona biashara, na akiona biashara, spea inapanda bei kabla haijatoka kwenye boksi. Kwa hiyo kila nilipokwenda kwake nilipita nyumbani kwanza. Nilishusha mzigo wote, nikatoa kapeti, nikatoa hata gurudumu la akiba, nikafagia maganda na udongo, nikavaa kandambili za kuogea. Gari langu lilifika mbele yake tupu kama tumbo la mtu aliyefunga, nami nimekaa ndani nikiwa na uso wa msiba. Ilikuwa njia nzuri. Nilikuwa nimeitumia miaka mingi kwa mafundi wa baiskeli, wa redio na wa viatu, na haikuwahi kuniangusha.

Labda ningeizoea taa ile kama unavyomzoea jirani mlevi. Lakini mke wangu alikuwa na mimba, ya kwanza, na daktari alimpapasa tumbo muda mrefu bila kusema, mpaka nikaanza kuhesabu vigae vya sakafu. Mwishowe akatuambia mtoto amekingama. Hakuwa ameelekeza kichwa chini wala juu. Alikuwa amelala kama gogo mlangoni. Daktari alitaka mke wangu azalie Kigali, kwenye wapasuaji wengi na damu ya kutosha, na alitaka aende kabla uchungu haujaanza.

"Uchungu ukianza njiani?" nikauliza.

"Usianze njiani," daktari akasema, kana kwamba mimi ndiye ninayepanga.

Na miaka ile njia ya Kigali haikuwa njia ya kuanzia kitu chochote. Milima ilikuwa na watu wenye bunduki, magari yalikuwa yanashambuliwa, na mtu hakusafiri peke yake. Magari yalikusanyika asubuhi kwenye njia ya kutokea mjini, yakaondoka kwa msafara, askari mbele, askari nyuma. Ofisa alipita dirisha hadi dirisha akisema sharti lile lile: msafara haungoji mtu. Gari likiharibika, linaachwa, na abiria wake wanahamia kwenye magari mengine kama kuna nafasi. Alisema "kama" mara moja. Mimi niliisikia mara mbili.

Kabla ya kufika Mukamira kulikuwa na kona yenye gari dogo lililoungua, limebaki chuma tupu, limeegemea ukingo kama linalopumzika. Kila nilipopita pale nilihesabu madirisha yake, ili nisipate nafasi ya kuwaza waliokuwa wamekaa nyuma yake.

Mke wangu hangeweza kwenda kwa basi dogo. Kwenye basi watu wanne wanakaa pa watatu, na tumbo lile lilihitaji kiti kinacholala. Kiti kinacholala kilikuwa kwenye gari langu, na kwenye gari langu kulikuwa na taa. Kuanzia siku aliyozungumza daktari nilianza kuliogopa gari lile kama mtu anavyoogopa mbwa wake mwenyewe aliyeanza kutoa povu. Nililifungua asubuhi polepole, nikageuza ufunguo huku nimetazama pembeni.

"Kuna nini na gari?" mke wangu aliniuliza.

"Hakuna kitu."

"Basi mbona unaangalia kama iko nyoka ndani?"

Nikasema naangalia mafuta. Alikuwa amekaa mlangoni, miguu imevimba, mikono miwili juu ya tumbo. Hakuniamini, lakini alikuwa na mengine ya kubeba.

Mama yake alikuja kutoka Cyanzarwe kumsaidia, na alikuwa ndiye atakayefuatana naye Kigali. Hapo ndipo taa ikawa kitu kingine.

Mama mkwe wangu alikuwa mtu mkubwa. Nimeliandika hilo leo kwa mara ya kwanza, na hata sasa mkono unasita. Kwetu mwanaume hazungumzii mwili wa mabukwe, yaani mama wa mkewe. Hamtazami sana, hakai naye kiti kimoja, hamwambii amenenepa wala amekonda. Anasalimia, anatandika mkeka, anaondoka njiani. Naye, kwa upande wake, hasemi neno juu ya vitu vya mkwe. Chumvi ikizidi anakula. Paa likivuja anasogeza kiti. Tulikuwa tunaheshimiana kiasi hicho, na watu walitusifu.

Jumapili ya kwanza nikawapeleka kanisani. Mke mbele, mama nyuma. Gari likaondoka, hatujafika hata kwenye lami, taa ikawaka. Baada ya misa nikawasubiri ndani ya gari, nikawasha moteri nikiwa peke yangu: taa ilizimika, ikakaa imezimika. Wakaja. Mke akapanda. Bado imezimika. Mama akapanda, na gari likainama nyuma kidogo, kama linalomwamkia. Tukaondoka, taa ikawaka.

Nilijiambia ni bahati mbaya. Jumapili iliyofuata nikahesabu tena, kwenda na kurudi. Hesabu ilitoka vile vile.

Mtu mwingine angesema. Lakini ungesema nini, na kwa nani? Ningemwambia mke wangu, mwenye mtoto amekingama tumboni, kwamba gari linaugua mama yake akipanda? Nilirudi kwa fundi. Nililisafisha gari kwanza, nikatoa kila kitu, nikavaa kandambili.

Safari hii alifanya kazi kweli. Aliweka jeki, akainua upande mmoja, akainua mwingine, akavua magurudumu yote manne, akafuta macho yote manne kwa kitambaa, akavuta nyaya. Magurudumu yalipokuwa yamening'inia hewani kila kitu kilikuwa kimenyooka vizuri. Akabadilisha fyuzi ili asionekane hakufanya kitu.

"Muzee," akasema akifuta mikono, "hii voiture iko muzima. Mugonjwa ni weye. Rudi kwako, kunywa chai."

"Inawaka, nakuambia."

"Inawaka wakati gani?"

Nikafungua mdomo. Kichwani nilimwona mama mkwe akipanda, nikaona gari likiinama.

"Inawaka Jumapili," nikasema.

"Jumapili!" Akawaita mafundi wenzake wa ng'ambo ya ukuta. "Mukuje musikie! Iko taa ya kikristo hapa! Na siku ya juma inakuwaka, ao inapumzika?"

"Na siku za kwenda Mudende."

"Donc Mudende nako iko misa?"

Walicheka mpaka mmoja akakalia tairi. Mimi nilicheka nao, kwa sababu mtu asipocheka anaulizwa zaidi.

Fundi akaniona sijacheka vizuri. Akasogea, akasema kwa sauti ya chini, "Sikia. Nitoe ile balbu. Dakika moja. Haitawaka tena hata Pasaka. Utasafiri na roho muzuri."

"Bei gani?"

"Bure."

Maisha yangu yote sijawahi kusikia neno linalotisha kama hilo likitoka kwenye mdomo wa fundi. Kitu cha bure kina mwenyewe mahali fulani, anasubiri. Nikasema hapana, iache iwake.

Lakini ukweli ni kwamba nilitamani. Siku kadhaa nilikaa kwenye usukani nikitazama dashibodi na kuwaza jinsi ingekuwa rahisi kutokujua.

Siku ya msafara tulifika kwenye foleni mapema, ukungu bado umelalia barabara. Mke wangu mbele, kiti kimelazwa, shuka juu ya tumbo. Mama nyuma, na pamoja naye mkeka, chupa ya uji, nguo za mtoto, beseni, na kigunia cha viazi alivyosema Kigali havipatikani vya namna ile. Sikubishana. Taa ilikuwa imewaka tangu kona ya kwanza kutoka nyumbani. Nilizima moteri, nikawasha. Ikazimika. Tukasogea mbele kidogo, ikawaka.

Magari yalikuwa yamepangana, watu wamekaa ndani kimya, kila mmoja anatazama kisogo cha wa mbele. Askari walipita wakikagua. Kijana mwenye bunduki akainama dirishani kwangu.

"Washuke wote. Mizigo chini."

"Huyu ana mimba, mkuu."

Akatazama. "Huyo abaki. Mama ashuke."

Mama akashuka na beseni lake, na mkeka wake, na viazi vyake. Foleni ikasogea nafasi ya gari moja, nikawasha moteri, nikasogea. Taa ilizimika, haikuwaka. Nikatazama kwenye kioo: mama amesimama kando ya barabara, anafungua kitambaa cha nguo za mtoto mbele ya askari. Kisha akarudi, akapanda. Gari likainama. Nikasogea kidogo. Ikawaka.

Basi nilijua. Kuna kitu nyuma kule kinachoumia gari linapolemewa, na mimi nilikuwa nalipeleka likiwa limelemewa, kupitia kona ya lile gari lililoungua, hadi miteremko ya Shyorongi kabla ya kufika Kigali, ambako barabara inajikunja juu ya mto na ukikosa breki huna mahali pa kukosea. Nikisimama njiani, msafara hautangoja. Nisiposimama, huenda sitaweza kusimama. Na ofisa alikuwa ameshafika dirisha la tatu mbele yetu, akisema sharti lake.

Ningesema. Niliandaa maneno. "Mama, kuna jambo dogo." "Mama, usinielewe vibaya." Nilimsikia mke wangu akihema. Ofisa akafika dirisha la pili. Sikusema.

Aliyesema ni yeye.

"Mukwe," akaita kutoka nyuma. Alikuwa hajawahi kuniita tukiwa ndani ya gari.

"Mama."

"Mi sinaka desturi ya kusema juu ya kitu ya mukwe."

"Ndiyo, Mama."

"Ile taa kidogo. Inawakaka mi nikiingia."

Nikashika usukani.

"Tangu Jumapili ya kwanza nimeiona," akaendelea, polepole, kama anayeungama. "Nikishuka, inazimika. Nikipanda, inawaka. Nikasema, ni gari ya Wazungu, pengine inaonyesha kama mutu ameketi. Nikanyamaza. Lakini leo nakuangalia shingo yako. Iko maji kama ya mutu wa malaria. Sasa nauliza: ile taa iko muzuri ao iko mubaya?"

Mke wangu aliinua kichwa. Alimtazama mama yake, akanitazama mimi.

"Na wewe ulikuwa unajua?"

"Sikuwa na hakika..."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilihesabu mara mbili," nikasema.

Nilidhani atalia. Akapiga dashibodi kwa kiganja, pale pale juu ya taa.

"Yewe! Mulitaka kuheshimiana mpaka munizike?"

Nyuma nilisikia mama akisema, "Mana yanjye," Mungu wangu, kwa sauti ndogo sana. Ofisa akafika. Nikamwambia natoka kwenye foleni. Akaniangalia kama anayemwangalia mtu anayekataa chakula.

"Ukitoka, umetoka. Mwingine ni keshokutwa, kama barabara ni nzuri."

Ile "kama" tena. Nikatazama tumbo la mke wangu, nikageuza gari.

Fundi alikuwa anakunywa chai tulipofika. Alilitazama gari langu likiwa limejaa, mama, beseni, mkeka, viazi, na macho yake yakang'aa kwa namna niliyokuwa nimeikwepa miaka yote.

"Eh! Muzee! Kumbe uko na mali!"

"Usiweke jeki," nikasema. "Usishushe mtu. Ingia chini hivi hivi."

"Mama ashuke kwanza, gari iko chini sana."

"Sishuki," mama akasema kutoka dirishani. "Mi ndio naileta ile ugonjwa. Nitaketi mpaka muione."

Fundi akanitazama mimi, akamtazama yeye, na nikaona jinsi mambo yanavyounganika kichwani mwake: Jumapili, kanisa, kandambili, gari tupu. Kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. Akalala chali, akajisukuma chini ya gurudumu la nyuma la kulia na tochi mdomoni, moja kwa moja chini ya kiti alichokalia mabukwe. Niligeuka nikatazama ukuta.

Kisha sauti yake ikatoka chini, "Muzee. Kuja uone. Usiguse."

Nikalala kwenye vumbi na suruali yangu ya safari. Mtu fulani zamani, kabla yangu, alikuwa ameunga waya wa jicho la gurudumu lile, akaufanya mrefu kuliko ulivyotakiwa, kisha akaufunga pamoja na mpira wa breki kwa kamba ya raba iliyokatwa kwenye tyubu. Gari likiwa tupu, vyote viwili vinakaa vizuri. Likiinuliwa kwa jeki, vinanyooka kabisa, hata mkaguzi angevisifu. Lakini likilemewa, waya na mpira vinajikunja pamoja na kuegemea tairi. Pale kwenye kiungo waya unafunguka, taa inawaka. Na mpira, ule mpira wenyewe unaopeleka mafuta ya breki, ulikuwa umesuguliwa na tairi mpaka nyuzi za ndani zinaonekana. Ulikuwa unatoka jasho. Fundi aliufuta kwa kidole, akanionyesha kidole kikiwa kinang'aa.

"Freni za mbele zingebaki," akasema. "Nyuma hapana. Na muzigo hii, kwa muteremko..." Hakumaliza. Alikuwa mtu wa kumaliza sentensi zake.

Nikatoka chini ya gari nikakaa juu ya tairi kuukuu. Nilikuwa nimelikagua gari lile mara mbili kwa kila kitu, isipokuwa likiwa limebeba watu. Nilikuwa nimelileta hapa tena na tena baada ya kulivua kile kile kilichoonyesha ugonjwa. Na kama ningekubali lile neno "bure", tungekuwa saa ile kwenye milima, roho muzuri, gizani kabisa mchana kweupe.

"Mpira mpya uko wapi?" nikauliza.

"Goma. Kesho unapatikana, nitavuka mwenyewe."

"Lete. Na ukate ile kamba. Na waya uufanye mfupi."

"Bei..."

"Lete tu."

Fundi akashtuka. Baadaye aliwaambia wenzake kwamba hapo ndipo alipoamini kuwa kweli ninaumwa.

Siku za kungoja zilikuwa mbaya kuliko foleni. Mke wangu akijigeuza kitandani nilisimama. Akikohoa nilitafuta viatu. Sijui kama alinikasirikia. Alikuwa anasikiliza ndani yake mwenyewe, kama mtu anayesikiliza mlango. Mama yake na mimi, kwa upande wetu, tulikuwa tumevuka mto ambao hakuna aliyetufundisha jinsi ya kuuvuka, na sasa tulisimama ng'ambo bila kujua pa kutazama. Mpira ulipofungwa alikuja mwenyewe uwanjani, na kitambaa chake kichwani, akasema, "Mukwe, twende tuijaribu." Nikafungua mlango wa nyuma. Akapanda, kisha akaagiza nipakie magunia mawili ya viazi pembeni yake, "ili isiseme tumeionea huruma." Tukapanda barabara ya Mudende hadi mahali taa ilipozaliwa, tukageuza, tukateremka. Nikakanyaga breki mara nyingi bila sababu. Haikuwaka.

"Haiwake?" akauliza.

"Haijawaka, Mama."

Msafara uliondoka siku iliyosemwa. Nilipogeuza ufunguo, herufi tatu zilitokea, zikazimika, na nilishukuru kwamba zilitokea, maana taa isiyotokea kabisa ningeiogopa zaidi. Njia nzima sikutazama milima. Kama kulikuwa na watu mle juu, waliniona mimi, mimi sikuwaona. Nilitazama barabara na ile sehemu nyeusi ndogo ya dashibodi, barabara na dashibodi. Kila baada ya kona chache sauti ilitoka nyuma.

"Haiwake?"

"Haijawaka, Mama."

Tulipita ile kona kabla ya Mukamira na sikuhesabu madirisha. Nilikumbuka tukiwa tumeshafika mbali. Tulipita Ruhengeri. Mke wangu alikuwa ameshika mkanda wa kiti kwa mikono miwili na midomo yake ilikuwa inasonga bila sauti. Tulipoanza kuteremka Shyorongi lori lililokuwa mbele yetu likapiga breki ghafla kwenye kona yenye maji. Nikakanyaga kwa nguvu yote. Chini ya mguu wangu kanyagio likaanza kutetemeka, kukamata, kuachilia, kukamata, kuachilia, kama mtu anayegonga mlango haraka haraka. Gari halikuteleza. Likasimama, pua yake karibu na lori hata ningeweza kusoma vumbi.

Kisha nyuma, "Haiwake?"

Nikatazama. "Haijawaka, Mama."

"Basi twende. Mutoto anangoja."

Mbele ya hospitali vidole vyangu vilikataa kuachia usukani. Mke wangu aliviondoa kimoja kimoja, akaniambia sasa zamu ni yake kuogopa. Alipasuliwa kabla uchungu haujaanza, kama daktari alivyotaka. Mtoto alitoka wa kike, na mkubwa, jambo ambalo nililisema kwa sauti mbele ya bibi yake, na bibi yake akacheka.

Siku ya kurudi Gisenyi mama alikaa nyuma pale pale pake, upande wa kulia, mtoto mapajani. Nilikuwa nimeshika ufunguo tayari kuwasha. Akanizuia kwa kidole begani, jambo ambalo mabukwe hafanyi, akanyoosha shingo katikati ya viti ili aione dashibodi vizuri.

"Sasa tuko wawili huku," akasema. "Washa tuone."

Nikawasha. Tukatazama wote watatu: herufi zikatokea, zikazimika. Kisha nikazima, nikawasha tena.